"Ni Bure, Ni Programu Huria": Maswali ya Kuuliza Kabla Sacco Yenu Haijakubali

Tuseme sacco ya bodaboda hapa Shieywe ina wanachama 200. Jioni wanalipa kwa Paybill, asubuhi mweka hazina anakaa na daftari akisoma ujumbe mmoja mmoja: huyu ameweka akiba, huyu analipa mkopo, huyu ameandika jina la mkewe badala ya nambari ya uanachama. Halafu anakuja kijana na laptopu. Anasema ana mfumo utakaofanya hayo yote, tena ni bure, ni programu huria. Kamati inafurahi. Furahini, lakini msitie sahihi bado.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na waundaji, uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia na kuubadilisha. Kinachochanganya watu ni kwamba mara nyingi si programu moja. Ni ukoo, na kila ndugu ana nyumba yake na kazi yake.

Chukua Mifos, ambayo vijana wengi wa kompyuta wataitaja. Ilianzishwa na Grameen Foundation ya Marekani kusaidia mashirika ya mikopo midogo. Mwaka 2011 shirika hilo liliiachia jamii ya waundaji na watumiaji, ikaundwa Mifos Initiative. Baadaye ilionekana kwamba sehemu ya ndani kabisa, ile inayohesabu akiba, riba na marejesho, inaweza kufaa hata watu wasiohitaji skrini za Mifos. Basi injini hiyo ikatengwa. Desemba 2015 iliingia Apache Software Foundation kwa majaribio, ikiitwa Fineract, na Aprili 2017 ikawa mradi kamili. Mifos ikabaki na skrini za karani, programu za simu, na Payment Hub EE inayounganisha injini na mitandao ya malipo.

Kugawana huko si ugomvi wa urithi. Injini lazima ibadilike kwa uangalifu, maana kosa dogo kwenye riba linagusa pesa za kila mwanachama. Kule Apache toleo jipya halitoki mpaka wanakamati wa mradi wasiopungua 3 wapige kura ya ndiyo, na za ndiyo zizidi za hapana. Skrini nazo zinaweza kurekebishwa haraka zaidi. Njia za malipo ni tofauti nchi hadi nchi, kwa hivyo anayejua M-PESA ya Kenya anashughulikia kipande chake bila kugusa hesabu za mtu wa India.

(Mtasikia pia Mojaloop, iliyotolewa mwaka 2017 na wakfu wa Bill na Melinda Gates. Jina limetokana na "moja" yetu. Hiyo ni ya kupitisha pesa kati ya taasisi na taasisi. Mtu akiwauzia kama daftari la mikopo, hajui anachouza.)

Sasa hatari iko wapi? Sacco inataka faini ya kuchelewa ihesabiwe kwa njia yake. Kijana anafungua injini yenyewe na kubadilisha humo ndani. Inafanya kazi, mnampongeza. Miezi 6 baadaye jamii ya Fineract inagundua tundu la usalama, inaliziba na kutangaza. Tangazo linasomwa na wema na wezi pia. Wenye injini ya asili wanachukua toleo jipya. Lenu haliingii, kwa sababu injini yenu si ile tena. Anayejua kilichobadilishwa ni mtu mmoja tu, na ameshapata kazi Nairobi. Simu haishikwi.

Kwa hivyo muulizeni mapema: "Unatumia toleo gani la Fineract, na umegusa nini ndani?" Jibu mnalotaka ni kwamba hajagusa, ameongeza kando. Kama ilibidi aguse, je, alirudisha badiliko hilo kwa jamii likakubaliwa? Likikubaliwa linaingia kwenye toleo la wote, na linatunzwa na wengi, si yeye peke yake.

Swali la pili ni la funguo. Ni nani ana nywila za kuunganisha mfumo na Paybill yenu? Ziwe mikononi mwa maofisa wawili wa sacco, si kwenye laptopu ya fundi. Pesa zenu haziko Apache wala Mifos, na hakuna mtu wa huko atakayewapigia kuomba PIN. Akipiga, huyo ni tapeli. Leseni ya Apache inampa mtu msimbo, haimpi jina, kwa hivyo anayejiita "sisi ndio Fineract" mwombeni aeleze.

Na hiyo "bure" ni ya msimbo tu. Kompyuta ya kuhifadhi data, ufungaji na nakala za akiba ni gharama, ziandikeni kwenye bajeti.

Mkikubali, anzeni na wanachama 10 kwa mwezi mzima, daftari likiendelea vilevile. Kila jioni mweka hazina alinganishe vitu vitatu: taarifa ya Paybill, mfumo, na daftari. Vikitofautiana hata kwa shilingi 50, wale 190 wabaki kwenye daftari mpaka sababu ijulikane.