Somo la Barabarani: Usitie Saini kwa Haraka

Katika gazeti letu tumezoea kusoma masomo ya Jiografia, ya Hesabu na ya Kilimo. Mimi leo naomba kuwaandikia somo nililolipata mtaroni, kando ya barabara kuu ya Mbeya na Iringa, mwezi wa Januari mwaka jana, siku niliyokuwa nikirudi shuleni kuanza Kidato cha Tatu. Somo hili liliigharimu nyumba yetu fedha ya mbegu ya viazi ya msimu mzima, na kosa moja katika mambo yale lilikuwa langu mwenyewe.

Barabara hii wengi wetu twaijua. Kutoka Mbeya hupita Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako na Mafinga hata kufika Iringa, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Nayo ni sehemu ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, mpakani mwa Zambia, kwa hiyo malori ya shehena huipita usiku na mchana. Palipo na malori mengi na milima mikali ajali hazikosi. Na palipo na ajali, magari ya kuvuta, ambayo watu huyaita brekidauni, hayakosi. Wako wavutaji waaminifu, na bila wao barabara ingefungwa kila wiki. Lakini wako na wengine ambao msiba wa mwenzao ndio shamba lao.

Mjomba wangu ana pikapu anayochukulia viazi. Siku ile tulipakia magunia ya kuuza Iringa, pamoja na sanduku langu la shule. Tulipopita Chimala mvua ilikuwa ikinyesha. Pikipiki ikakatiza ghafula, mjomba akaikwepa, gari likateleza na kuingia mtaroni. Twashukuru Mungu hakufa mtu. Mjomba aliteguka mkono wa kuume, rejeta ikapasuka, na gurudumu moja la mbele likapinda.

Kabla polisi hawajafika, ikaja brekidauni. Mtu mmoja akashuka, akasema kwa upole, "Pole sana, mzee. Gari likilala hapa, kesho hamtaikuta taa wala betri. Sisi tutalitoa, habari ya fedha tutazungumza baadaye." Maneno yale yalikuwa matamu, maana tulikuwa tukitetemeka, na mfa maji hukamata hata jani. Akatoa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mjomba hakuweza kushika kalamu, akaniambia, "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi, hebu itazame." Yule mtu akasema, "Ni ya kawaida tu, kijana. Tia saini hapo chini, mvua inaongezeka." Nami, kwa kuona haya nisidhaniwe kuwa sisomi upesi, nikatia saini. Sikusoma hata mstari mmoja.

Gari halikurudishwa Chimala palipokuwa karibu, bali lilipelekwa gereji moja katika mji wa mbali. Siku ya nne mjomba alipokwenda, alikuta injini imefunguliwa, ingawa haikuwa na kasoro yoyote. Alidaiwa shilingi 1,850,000: fedha ya kuvuta kwa kila kilomita, fedha ya uwanja kwa kila siku, na ujira wa kazi ya injini. Alipokataa aliambiwa kuwa gari halitoki, na deni litazidi kila jua likichwa. Kisha akaonyeshwa ile karatasi. "Mpwa wako alikubali," wakamwambia. Mjomba aliponipa habari hizo kwa simu ya mwalimu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mwalimu wetu wa Uraia aliniita ofisini akanieleza mambo ambayo nimeyatunza daftarini. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yataka wafanyao mkataba wawe wametimiza umri wa utu uzima, yaani miaka 18, na wakubali kwa hiari yao. Mimi nilikuwa na miaka 16, kwa hiyo saini yangu haikuweza kunifunga. Tena sheria hiyo yasema kwamba kuzuia mali ya mtu isivyo halali, ili akubali mapatano, ni kumlazimisha; naye aliyelazimishwa aweza kuyakataa mapatano hayo.

Lakini mwalimu alinionya nisisome upande mmoja tu. Fundi naye ana haki yake. Aliyefanya kazi aliyoagizwa aweza kulishika gari mpaka alipwe ujira wake. Kazi asiyoagizwa, aliyojitungia mwenyewe, haimpi haki hiyo. Na kwa kuwa gari letu lilivutwa kweli, haikuwa haki tusilipe kitu.

Mjomba alikwenda kwa askari wa usalama barabarani akaeleza yote, kisha akakaa na mwenye gereji. Deni la injini likafutwa, fedha ya uwanja ikapunguzwa, akalipa shilingi 700,000. Gari lilitoka siku ya 19, bila betri na bila jeki. Nusu ya viazi ilikuwa imeoza. Hatukuwa na orodha ya vitu vilivyokuwamo garini, basi hatukuweza kuthibitisha neno.

Kutokana na hayo, haya ndiyo mambo yafaayo kushikwa na kila mwenye gari, na kila mtoto wa mwenye gari.

Kwanza, watazame watu kabla ya gari. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, yamtaka dereva asimame, amsaidie aliyeumia, na atoe taarifa polisi. Namba ya dharura ni 112.

Pili, piga picha za gari pande zote, na za kilomita zilizosomwa. Andika orodha ya betri, jeki, redio, tairi la akiba na mzigo, na anayelichukua gari aitie saini yeye.

Tatu, kabla mnyororo haujafungwa, yaandikwe mambo manne kwa lugha unayoielewa: nani anavuta, anapeleka wapi, kwa bei gani yote pamoja, na uwanja ni kiasi gani kwa siku. Akikataa kuandika, mwache aende zake.

Nne, chagua wewe mahali pa kupeleka gari. Kituo cha polisi kilicho karibu ni pazuri, maana huenda gari likahitaji kukaguliwa kabla halijatengenezwa. Tena kumbuka kuwa ruhusa ya kuvuta si ruhusa ya kutengeneza. Hayo ni mapatano mawili mbalimbali.

Tano, jua bima yako. Ile iitwayo bima ndogo hulipa madhara waliyoyapata wengine. Gari lako utalitengeneza mwenyewe. Ukiwa na bima kubwa, iarifu kampuni yako upesi ili ilete mkadiria hasara, na fundi asifungue hata boliti moja kabla yake. Kampuni za bima husimamiwa na TIRA, na yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima wa kupelekewa malalamiko.

Sita, katika gereji taka makadirio ya maandishi, nawe ulinganishe na ya fundi mwingine. Taka urudishiwe spea za zamani zilizotolewa, na ulipapo udai risiti ya kielektroniki. Mkishindwa kupatana, nenda Mahakama ya Mwanzo.

Wasomaji wasidhani kwamba ubaya huu uko kwetu tu. Katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, wavutaji waligombania ajali hata magari yakachomwa moto. Jimbo hilo likatunga sheria mwaka 2021, na tangu Januari 2024 kampuni ya kuvuta magari hapana budi iwe na cheti, itangaze bei zake, na ipate ridhaa ya mwenye gari kwa maandishi kabla ya kuvuta. Yale wanayoyatakiwa kisheria kule, sisi twaweza kuyadai kwa vinywa vyetu hapa, mradi tuyakumbuke wakati mikono ikitetemeka.

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Wakati wa likizo niliandika yale mambo manne kwa Kiswahili, nikaacha nafasi za kujaza, nikatoa nakala tano. Mjomba ameziweka garini pamoja na kalamu mbili. Naomba Mungu asizihitaji. Lakini akizihitaji, safari hii atakayeshika kalamu atasoma kwanza, mvua inyeshe isinyeshe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne