Ganuni Usiiuze

Mdogo wangu wa Unguja, barua yako nimeisoma mara mbili. Uko mwaka wa tatu wa kompyuta, jioni unapiga ganuni kwenye kikundi cha taarab, na sasa unatafuta mteja wa hiyo ganuni ili ununue kompyuta mpakato yenye nguvu. Mjomba amekutolea ile ya mshika mbili, nawe umeanza kuamini kwamba muziki unakuibia shahada.

Subiri kwanza. Kaa nikusimulie habari za Jaron Lanier.

Ni Mmarekani, alizaliwa New York mwaka 1960, akakulia New Mexico, na mama yake alikuwa mpiga piano. Wengi wanamjua kwa vitabu vyake vya kuikosoa intaneti. Wachache wanauliza hayo macho ya kukosoa aliyapata wapi. Mwaka 1983 alitoa mchezo wa kompyuta uitwao Moondust, ambao muziki wake ulijitunga kadiri mchezaji anavyosogea. Baadaye akaanzisha VPL, moja ya kampuni za kwanza kabisa kuuza miwani na glavu za uhalisia pepe, ule ulimwengu wa kompyuta unaoingia ndani yake kama chumbani. Na ile glavu, unajua ilianzia wapi? Mwenzake, Thomas Zimmerman, alitamani kupiga gitaa hewani, bila gitaa mkononi, na sauti itoke kweli. Hamu ya mpiga muziki ndiyo iliyozaa chombo kile, mdogo wangu.

Sasa njoo kwenye jambo linalokuhusu wewe hasa. Mwaka 2010 Lanier alichapisha kitabu, You Are Not a Gadget, na humo akaugeukia mfumo wa MIDI, ambao vinanda na kompyuta hutumia kupashana habari za muziki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hoja yake ni hii: mfumo ule ulibuniwa na mtu wa kinanda, kwa hiyo unauona muziki kama kitufe kilichobonyezwa na kitufe kilichoachiwa. Sauti ya mwimbaji inayoteleza, au fidla inayolia kati ya nota na nota, inaingia humo kwa taabu. Lakini dunia nzima ilikwisha kuupokea, na kuung'oa ikawa haiwezekani. Kutokana na mfano huo akawaonya wahandisi kwamba uamuzi mdogo wa leo unaweza kuwafunga watu ambao bado hawajazaliwa.

Mhandisi asiyepiga ala angeliona hilo? Mimi sidhani. Wewe unaponyanyua kile kijichuma cha ganuni katikati ya wimbo ili uipate sauti iliyokaa kati ya nota mbili, vidole vyako vinajua jambo ambalo darasani kwenu huenda hakuna mwingine anayelijua. Ndilo unalotaka kuliuza.

Nisikufiche habari za pesa. VPL ilifilisika. Lanier hupiga ala nyingi za mbali, ikiwemo khaen, ala ya mianzi ya Laos inayopulizwa kwa mdomo, na aliipiga hata Frankfurt mwaka 2014 alipopewa Tuzo ya Amani ya wauza vitabu wa Ujerumani. Hata hivyo kwa miaka mingi ameajiriwa na Microsoft kama mtafiti. Kwa hiyo sikuambii uache masomo ukapige taarab. Maliza shahada, tena uimalize vizuri.

Kingine ninachokipenda kwake: mwaka 1999 aliandika kuutetea muziki wa bure mtandaoni. Miaka ilipopita, akawaona wanamuziki wenzake wakikosa riziki, akageuza kauli hadharani, na mwaka 2013 akatoa kitabu kizima, Who Owns the Future?, kudai watu walipwe kwa kile wanachoipatia mitandao. Angekuwa mhandisi tu, hao wangekuwa idadi kwenye jedwali. Kwake walikuwa marafiki.

Kwa hiyo fanya hivi. Kompyuta tafuta iliyotumika, yenye kumbukumbu ya kutosha, ikusukume hadi mwakani. Mazoezi punguza hadi siku mbili kwa wiki wakati wa mitihani, na umwambie kiongozi wa kikundi mapema, asije akakungoja jukwaani. Mradi wako wa mwisho uwe juu ya ganuni yenyewe: rekodi maqam moja, yaani ngazi moja ya sauti za muziki wa Kiarabu, iingize kwenye programu ya kuandika nota, uone ni sauti zipi programu inazisikia na zipi inazisogeza kwa nguvu hadi kwenye nota ya jirani. Mwalimu wako atakuuliza umeijuaje tofauti hiyo.

Na mjomba usibishane naye. Mpe shikamoo yake, kisha mwalike mazoezini Alhamisi, umwekee kiti karibu na ganuni.