ELIMU KWA UMMA: NDEGE BINAFSI ZENYE USAJILI WA KIGENI

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaarifiwa kuwa si kila ndege ndogo itumikayo visiwani Unguja na Pemba imesajiliwa nchini. Ndege za Tanzania huanza na alama 5H. Alama 5Y ni ya Kenya, N ni ya Marekani, na M ni ya Isle of Man.

Kwa mujibu wa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ndege hufuata uraia wa nchi iliyoisajili, popote anapoishi mwenyewe, wala haiwezi kusajiliwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja.

Kutokana na hayo, ndege hiyo huwa chini ya mamlaka mbili. Nchi ya usajili ndiyo itoayo cheti cha ubora wa ndege, na ndiyo itoayo au kuikubali leseni ya rubani. Nchi inamoruka husimamia anga, forodha, uhamiaji na afya.

Tuchukue mfano. Sheria ya Marekani humruhusu rubani mwenye leseni ya Tanzania kurusha ndege ya alama N ndani ya Tanzania. Akivuka kwenda Mombasa, ruhusa hiyo hukoma, naye hulazimika kuwa na leseni iliyotolewa au kukubaliwa na Marekani.

Katika safari za kimataifa, ndege sharti iwe na:

(a) cheti cha usajili;
(b) cheti cha ubora;
(c) leseni za warukaji;
(d) kitabu cha safari;
(e) leseni ya redio, iwapo ina redio;
(f) orodha ya majina ya abiria, kama wapo, ionyeshayo watokako na waendako.

Msamaha wa ushuru uliomo katika Mkataba ni wa muda tu. Mwenye kukusudia kuiweka ndege nchini hana budi kuonana na Forodha mapema.

Jambo la mwisho linawahusu wananchi wote. Leseni ya rubani binafsi haimruhusu kurusha ndege kwa ujira. Anayelipa nauli kupanda ndege ya namna hiyo kutoka Unguja kwenda Pemba ajue kwamba, ajali ikitokea, bima inaweza kukataa kumfidia yeye au warithi wake. Kabla ya kulipa, aulize kama mwenye ndege ana kibali cha biashara cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwani usafiri wa anga ni jambo la Muungano.