Somo la Ngoma na Ghala

Wanachama Wapenzi,

Somo letu la safari hii lawahusu watoto wetu waliovuka bahari wakahamia Wazo, Dar es Salaam, penye kilima kinachotoa saruji tangu mwaka 1966. Baadhi yao wameajiriwa maghalani.

Zamani gunia la karafuu lilibebwa na mahamali kwa wimbo. Mmoja aliongoza, wenziwe wakapokea, na hatua zikaenda pamoja. Wimbo ule uligawa pumzi, tena ulipeleka kijembe kwa msimamizi mkali. Naye alisikia, akajua kuwa watu wamechoka.

Ghala la mashine lina msimamizi asiye na masikio. Mfanyakazi hushika chombo kinachosoma alama ya kila mzigo, na chombo humhesabia dakika zake. Huko Ufaransa, Desemba 2023, taasisi inayolinda habari za watu iliitoza kampuni ya maghala ya Amazon faini ya yuro milioni 32, kwa kuwa vyombo hivyo viliandika hata vituo vya dakika chache.

Je, kijembe sasa apigwe nani? Apigwe mwenye ghala, baada ya kazi, mbele ya watu. Mwaka 1977, kijijini Kamiriithu, Kenya, wakulima na wafanyakazi wa viwanda walicheza mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Wanakijiji waliyasahihisha maneno yake, wakautia nyimbo na ngoma za wazee wao. Serikali iliupiga marufuku Novemba mwaka ule ule. Neno lisilochoma halizuiliwi.

Sisi tunayo ngoma ya kibati, ya Pemba, ambayo watu hujibizana papo kwa papo kwa mdundo wa haraka. Basi mmoja awe mfanyakazi, wa pili awe mashine. Mfanyakazi aulize: "Nikienda chooni, waniandikaje?" Mashine ijibu kwa hesabu tu. Watu watacheka, kisha watanyamaza. Hapo somo limeingia.

Hatusemi mashine zivunjwe. Magunia yaliumiza migongo ya baba zetu. Twasema mwendo wa kazi upangwe na mtu anayeweza kuambiwa, "Tumechoka," akasikia.

Mzee ajuaye kibati, tafadhali awafundishe vijana wajapo likizo. Asiondoke nayo.

Wenu katika kazi,
Katibu