Mtoto wa German Shepherd na Siku Yako ya Kazi

Hapa Dar es Salaam, ukitoka Mbezi saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi foleni ya kwenda Posta, ukarudi saa moja usiku, umekuwa nje ya nyumba kwa muda wa saa kumi na tatu na nusu. Kwa kubana mkojo, madaktari wa mifugo wana kipimo chepesi: hesabu miezi ya mtoto wa mbwa, ongeza moja, jibu ndilo idadi ya saa anazoweza kujizuia, tena kwa shida. Wa miezi miwili ni saa tatu. Hesabu yako na yake hazikutani, na hilo ulikubali kabla hujamlipa mwuzaji.

Mimi sikulikubali. German Shepherd wangu wa kwanza nilimleta nyumbani akiwa na wiki saba, nikamfungia kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba kuanzia Jumatatu ya kwanza. Jirani alivumilia wiki mbili, kisha akaniambia kwa upole kwamba yule mtoto hulia mpaka sauti inakauka. Alipofikisha miezi kumi alimng'ata mkono kijana anayetuletea maji, kijana ambaye hakuwa amefanya lolote ila kuinama kuokota dumu. Nimeyafikiria sana makosa yale, na mengi ya yaliyomo humu yanatokana nayo.

Mbwa huyu ana asili yake. Mwaka 1899 Mjerumani Max von Stephanitz alimnunua mbwa mmoja wa wachungaji, akampa jina Horand von Grafrath, na mwaka huohuo akaanzisha chama cha kumwendeleza mbwa wa aina hiyo. Kazi ya mababu zake ilikuwa kukimbia kandokando ya kundi la kondoo kutwa nzima, huku na huku, kama ua unaotembea, wasiingie kwenye mazao ya watu. Kwa hiyo umenunua akili iliyozoea kufanya kazi na kuamua yenyewe. Usipompa kazi ataitafuta: atafukua bustani, atatafuna ndala, atavuta waya wa pampu ya maji. Rottweiler, Boerboel na Malinois wana tabia hiyohiyo, kila mmoja kwa namna yake.

Imani niliyoikuta mtaani, na ambayo hata mimi niliishika, ni kwamba mbwa akifungiwa mchana bila kuona watu ndipo anapokuwa mkali usiku. Si kweli. Watafiti wa Kimarekani John Paul Scott na John Fuller waliwachunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965. Walionyesha kwamba kuanzia wiki ya tatu hivi hadi ya kumi na mbili ndipo mbwa anapojifunza nani na nini ni cha kawaida duniani. Asiyezoea watu katika kipindi hicho huwa mwoga, na mbwa mwoga mwenye kilo thelathini na tano ni hatari. Humng'ata mtoto anayekimbiza mpira, humng'ata fundi uliyemfungulia geti mwenyewe. Mwizi anayejua kutuliza mbwa hapati tabu naye. Mlinzi mzuri ni yule anayewajua watu wa kawaida vizuri kiasi cha kumtambua asiye wa kawaida.

Tatizo ni kwamba kipindi hicho kinaangukia kwenye wakati wa chanjo. Chanjo za kwanza hutolewa akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa hutolewa kwenye miezi mitatu. Kabla hajamaliza, ugonjwa wa parvo unaweza kumwua kwa siku chache, na virusi vyake hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi. Basi usimtembeze mtaani kwa miguu yake. Mbebe. Kaa naye kibarazani umempakata, aone bodaboda, wanafunzi wenye sare, mama muuza mboga na ndoo yake kichwani. Kazi hii ni ya jioni na ya Jumapili, na mwajiri hawezi kukuzuia.

Sasa mchana. Nani yuko nyumbani?

Kwa wengi wetu yupo dada wa kazi, na hapa waajiri wengi hukosea adabu. Humwambia tu, "na huyu mbwa utamwangalia," kana kwamba ni sufuria ya ziada. Dada aliyekuwa kwangu wakati ule alinijibu kwa utulivu: "Mama, mate yake yakinigusa siwezi kuswali mpaka nijitwaharishe." Alikuwa anasema kweli. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yameenea pwani yetu, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Usimlazimishe mtu avunje utaratibu wa ibada yake kwa sababu ya mnyama uliyemtaka wewe. Muulize kwanza. Akikubali sehemu ya kazi, mpe vyombo vya mbwa vinavyokaa nje peke yake, bomba la nje, glavu, na nyongeza ya mshahara inayoonekana. Akikataa, tafuta kijana wa mtaani mwenye moyo na wanyama, umlipe kwa siku: aje saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, nusu saa kila mara. Amtoe ajisaidie, ampe chakula cha mchana, abadilishe maji, acheze naye. Mtoto wa chini ya miezi minne anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, kwa hiyo ziara hizo si anasa.

Pa kumweka pia panahitaji mawazo. Banda la mabati kwenye jua la Dar es Salaam la Januari ni tanuri; mbwa hatoi jasho kama sisi, hujipoza kwa kuhema, na joto likimzidi anaweza kufa mchana mmoja. Mjengee kizimba cha wavu kwenye kivuli kinachodumu hadi alasiri, au mtengee kona ya jiko la nje lenye upepo. Bakuli la maji liwe zito, asilipindue. Ondoa waya, dawa ya panya, mifuko ya plastiki na mifupa ya kuku iliyopikwa, maana hukatika vipande vyenye ncha. Mnyororo usitumie kabisa. Mtoto anayekua akiwa amefungwa hujifunza kurukia kila kinachopita, na shingo hupata vidonda.

Kukaa peke yake hufundishwa kidogo kidogo, tena kabla hujarudi kazini. Chukua likizo ya angalau wiki mbili. Siku ya kwanza mweke kizimbani akiwa ameshiba na ameshajisaidia, kaa karibu naye, ondoka dakika moja, rudi kimya bila shamrashamra. Kesho dakika tano, keshokutwa kumi. Akilala, mwache, watoto wa mbwa hulala saa kumi na nane na zaidi kwa siku, na ukipanga vizuri usingizi utakubebea sehemu kubwa ya mchana. Akilia mpaka akatoa mate mengi au akakwaruza mlango hadi kucha zikatoka damu, umekwenda haraka mno. Rudi nyuma hatua mbili. Acha simu ya zamani ikirekodi, utajua ukweli bila kusubiri jirani akuambie.

Meno yake ishirini na nane ya utoto huanza kung'oka kwenye miezi mitatu na nusu hivi, na kufikia miezi saba huwa na arobaini na mawili. Katika kipindi hicho atatafuna, upende usipende. Loweka kitambaa kizito, kifunge fundo, kigandishe kwenye friji, umpe wakati kuna mtu wa kumwangalia asikimeze. Chakula chake cha asubuhi usikiweke chote kwenye bakuli: tawanya kiasi kwenye majani, akitafute kwa pua. Dakika ishirini za kunusa humchosha kuliko kukimbizwa uani, na mbwa mkubwa ambaye mifupa yake bado inakua hafai kukimbizwa sana.

Utakaporudi na kukuta kiatu kimeraruliwa, usimpige. Yale masikio yaliyolala na macho yanayokwepa si toba. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alionyesha kwamba mbwa hufanya sura hiyo pale bwana wake anapomkaripia, awe ametenda kosa au hakutenda. Anachojifunza ni kwamba kurudi kwako nyumbani ni jambo la kuogopwa. Fagia, mtoe nje, kisha mfundishe dakika tano: kaa, njoo, subiri. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa anaitafuta tangu asubuhi.

Hata akikomaa, asiachwe kutwa nzima. Nchini Sweden maelekezo ya ufugaji yanataka mbwa anayefugwa ndani atolewe nje angalau kila baada ya saa sita, na watoto mara nyingi zaidi. Saa sita ni kipimo kizuri hata kwetu.

Wiki iliyopita binamu yangu wa Kimara alinipigia simu. Ameonyeshwa mtoto wa wiki sita, mwuzaji anataka jibu jioni ileile. Nikamwuliza likizo yake lini, akasema Desemba. Nikamwambia wiki sita bado ni za mama yake, angojee wiki nane au zaidi, na amtafute mwingine Desemba. Kama hawezi kungoja, achukue mbwa mzima wa miaka miwili aliyekwisha kuzoea watu. Ameniambia amemwendea mkewe kwanza, wapange nani atakuwa nyumbani saa sita mchana.