Kapasita Iliyokufa na Mbadala Wake

Gari lililoundwa katika miaka ya 1980 au 1990 laweza kuwa na injini nzima kabisa, lakini likakataa kuwaka kwa sababu ya kifaa kidogo kuliko ncha ya kidole. Kifaa hicho ni kapasita, ambayo mafundi wengi huiita kondensa, iliyomo katika kisanduku cha elektroniki kinachosimamia petroli na cheche. Mara nyingi kapasita ya aina ile ile haitengenezwi tena. Je, kisanduku kizima kitupwe? La. Anayeelewa kazi ya kifaa aweza kukipatia mbadala.

Kapasita ya elektroliti ina kanda mbili za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyolowa kimiminiko kiitwacho elektroliti. Utando mwembamba wa oksidi juu ya ukanda mmoja ndio uzuiao mkondo kupita. Baada ya miaka mingi ya joto, kimiminiko hukauka: uwezo wa kuhifadhi chaji hupungua, na ukinzani wa ndani huongezeka. Pengine kimiminiko huvuja na kula njia za shaba za bodi. Hapo kuchelewa ni kuipoteza bodi yenyewe.

Katika kuchagua mbadala, mambo manne yazingatiwe.

Kwanza, idadi ya mikrofaradi iwe sawa au karibu sana. Kapasita nyingi za aina hii huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20; hivyo 47 yaweza kushika nafasi ya 50.

Pili, volti zilizoandikwa ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Betri ya volti 12 ikichajiwa hufikia volti 14 hivi. Kwa hiyo kapasita ya volti 25 au 35 ni salama kuliko ya 16.

Tatu, badala ya ile ya nyuzi 85 za Selsiasi, tumia ya nyuzi 105.

Nne, umbo na nafasi ya miguu vioane na bodi.

Kabla ya kazi, betri ifunguliwe. Kimiminiko kilichovuja kisafishwe, na njia za shaba zikaguliwe. Mguu hasi, ambao kwa kawaida huonyeshwa kwa mstari ubavuni, usikosewe: kapasita iliyofungwa kinyume hutoa gesi na yaweza kupasuka.

Zoezi kwa wanafunzi: Kwa kukadiria, maisha ya kapasita huongezeka maradufu kila joto linapopungua kwa nyuzi 10. Ikiwa kapasita huishi saa 2,000 kwa nyuzi 105, itaishi saa ngapi kwa nyuzi 65? Tofauti ni nyuzi 40, yaani maradufu mara nne. Jibu ni saa 32,000. Sasa fanyeni hesabu hiyo kwa kapasita ya nyuzi 85 yenye saa zile zile, mwone kwa nini tumesisitiza jambo la tatu.