Daktari kaniandikia LCSW, naogopa watanichukulia watoto

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Houston, Texas. Kwetu ni Fizi, Kongo, ila nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na huku tuliletwa mimi na mume wangu kama wakimbizi. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mama yangu alifia kambini mwaka jana na sikuweza kwenda kumzika. Tangu hapo silali. Nikifumba macho naona yale ya njiani, siku baba alipouawa tukikimbia. Watu wakipiga fataki najifungia chooni. Kuna usiku natamani nilale nisiamke.

Daktari wa kliniki alinipa karatasi, akasema nitafute LCSW mwenye ofisi yake binafsi. Binti yangu wa miaka 14, ambaye ndiye hunitafsiria, akaniambia huyo ni mtu wa ustawi wa jamii. Shangazi, hao si ndio wanaonyang'anya watu watoto? Mume wangu hataki, anasema mambo ya ndani hayatolewi nje. Mchungaji kasema niongeze maombi. Niambie, huyu ni mtu gani, nitampataje, na hela nitatoa wapi?

Mama wa Watatu, Houston

Mwanangu, pole kwa msiba wa mama, na pole kwa kukosa hata kumtupia konzi ya udongo.

Nianze na lile neno ulilolichomeka katikati ya barua kana kwamba ni dogo, la kutamani kulala usiamke. Leo hii weka namba 988 kwenye simu yako. Ni laini ya taifa ya kusaidia watu wanaofikiria kujiua, imekuwa na namba hiyo fupi tangu Julai 2022, ni bure, na inapokelewa usiku na mchana. Akipokea mtu wa Kiingereza, mtajie neno Swahili, atakuunganisha na mkalimani. Ukijikuta umeanza kupanga namna ya kujidhuru, usingoje miadi ya mtu, piga palepale. Na mumeo mwambie, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Nadhani hajui.

Sasa hiyo hofu ya watoto. Naijua inakotoka, kwa sababu ndugu zetu wengi walioko huko huwaona watu wa ustawi wa jamii kwa mara ya kwanza wanapobisha hodi wakiwa wametumwa na idara ya jimbo ya kulinda watoto. Hao wapo, na ni kweli wanaweza kwenda mahakamani kuomba mtoto aondolewe nyumbani. Daktari wako hakukutuma kwao. LCSW ni leseni ya kutibu. Mwenye nayo amesoma ustawi wa jamii hadi shahada ya uzamili, akafanya kazi ya tiba chini ya msimamizi, ambayo kwa Texas ni saa 3,000, kisha akafaulu mtihani wa ngazi hiyo. Akiwa na ofisi yake binafsi hana mkubwa serikalini wa kumpelekea habari zako. Kazi yake ni kukaa nawe dakika 45 au saa nzima, mara nyingi kila wiki, mkishughulikia usingizi, huzuni na kiwewe cha vita. Dawa haandiki. Ikihitajika dawa atakurudisha kwa daktari wako, au kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Kuhusu siri, nikupe kisa ambacho mumeo naye akisikie. Mwaka 1991 askari polisi wa kike katika jimbo la Illinois alimpiga mtu risasi akiwa kazini, mtu yule akafa. Baadaye askari akaanza kwenda kuzungumza na mwanamke mwenye leseni kama hii tunayoisema. Ndugu wa marehemu walifungua kesi, wakataka maandishi ya mazungumzo yale yaletwe mahakamani. Wale wanawake wawili wakakataa. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 13 Juni 1996, katika kesi ya Jaffee na Redmond, majaji saba dhidi ya wawili wakaamua kwamba mazungumzo ya mgonjwa na mtu wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya tiba yana kinga, na mahakama za shirikisho haziwezi kulazimisha yatolewe. Ikiwa familia iliyopotelewa na mtu ilinyimwa, majirani zako watayapatia wapi?

Mipaka ipo, na mtu mwaminifu atakueleza siku ya kwanza. Ukisema umekusudia kujiua au kuua mtu, anaweza kuvunja siri ili kuokoa maisha. Akiwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto ananyanyaswa, lazima aripoti. Lakini kwa sheria ya Texas wajibu huo ni wa kila mtu, mwalimu, jirani, hata mchungaji wako. Kulia, kukosa usingizi na kujifungia chooni kwa sababu ya fataki si kumnyanyasa mtoto. Tena ukilipa kwa bima, kampuni ya bima itaona tarehe ulizokwenda na jina la ugonjwa. Ni vema ulijue hilo kabla ya kuanza.

Kumpata ndiko kwenye kazi. Kama mwajiri wako anakupa bima, geuza kadi. Nyuma kuna namba ya simu ya wanachama. Omba mkalimani, kisha omba majina ya LCSW wenye mkataba na bima yako na wanaopokea wagonjwa wapya. Hilo la mwisho usiliache. Orodha za bima zina majina ya waliohama, waliostaafu na waliojaa, na mtu aliyechoka hupiga simu tatu zikamkatisha tamaa akabaki na maradhi yake. Wewe endelea. Uliza pia ofisi ya utumishi kazini kwako kama kuna mpango wa msaada kwa wafanyakazi, kwa sababu waajiri wengi hulipia vikao vichache vya ushauri, nawe hutoi senti. Ipo pia orodha ya watabibu kwenye tovuti ya Psychology Today, ambayo binti anaweza kukufungulia kwenye simu, ukachagua kwa mji, kwa bima na kwa lugha. Kukufungulia orodha, hapo basi.

Maana hilo la binti kukutafsiria mbele ya mtabibu silikubali hata kidogo. Msichana wa miaka 14 hapaswi kusikia kinywani mwako jinsi babu yake alivyouawa, halafu ayarudie kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya mgeni. Hata sheria iko upande wangu. Ofisi inayopokea fedha za serikali ya shirikisho, kwa mfano malipo ya Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, inabanwa na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010: itoe mkalimani bila malipo, na isimtumie mtoto kutafsiri isipokuwa kwenye dharura. Ofisi binafsi isiyogusa fedha hizo inaweza kukwambia haina mkalimani. Ndiyo maana swali la lugha liwe la kwanza kwenye simu.

Mwenye leseni hii na Kiswahili kwa pamoja ni adimu, kwa hiyo usimtafute Houston peke yake. Kinachotakiwa ni leseni ya jimbo ulilomo wewe mgonjwa. Yeye anaweza kuwa Dallas au El Paso mkaonana kwa video. Mshauri wa Nairobi au Dar es Salaam, hata awe hodari vipi, asipokuwa na leseni ya Texas bima yako haitamlipa, na likiharibika jambo bodi ya leseni ya Texas haina la kumfanya. Na ukimpata Mswahili mwenzako ambaye mnasali kanisa moja, mimi ningemwacha. Maadili ya kazi yao yenyewe yanawaonya wasichanganye tiba na uhusiano mwingine, na jumuiya yenu huko si kubwa. Afadhali Mmarekani mwenye subira, na mkalimani wa simu asiyekujua kabisa.

Ukishapata jina, hakikisha leseni. Texas kuna baraza linaloitwa Texas Behavioral Health Executive Council. Kwenye tovuti yake unaandika jina la mtu, bila malipo, unaona kama leseni yake iko hai na kama aliwahi kuchukuliwa hatua. Ukikuta herufi LMSW, huyo bado hajafika ngazi ya kutibu kwa kujitegemea, ingawa anaweza kukuhudumia vizuri kwenye kliniki akiwa chini ya msimamizi. Wasomaji wa majimbo mengine msihangaike na herufi zangu: Ohio huandika LISW, Massachusetts LICSW, Maryland LCSW-C.

Hela. Bila bima, kikao kimoja kwenye ofisi binafsi mara nyingi ni kati ya dola 100 na 200, na najua hizo ni nyingi kwa mtu wa zamu ya usiku. Wengi wao hupunguza bei kulingana na kipato cha mtu, ila hawalitangazi, mpaka uulize. Uliza bila haya. Tangu Januari 2022 sheria inamtaka mtabibu amwandikie asiyetumia bima makadirio ya gharama mapema, na bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi unaweza kuipinga. Pia ukijua bima yako inamlipa, bado uliza wewe mwenyewe utachangia kiasi gani kila ukienda. Bei zikikushinda kabisa, nenda kituo cha afya cha jamii kinachotoza kwa kipato. Vituo hivyo navyo huajiri watu wa leseni hiihii.

Wengi hukubali kuzungumza nawe kidogo kwa simu kabla ya kuanza, bila malipo. Muulize amewahi kutibu watu waliokimbia vita, na kiwewe hukitibu kwa njia gani. Asiye na jibu la swali la pili, shukuru, mtafute mwingine. Hata ukishaanza, ukiona hamwelewani baada ya muda, kumbadilisha ni haki yako na hatakuwekea kinyongo.

Mchungaji wako mwambie maombi unaendelea nayo. Malaria ilipokushika Nyarugusu ulisali na zahanati ulikwenda. Kwa mumeo sina maneno makali, maana naye amepita njia ileile, na huenda anachokiogopa ni kwamba siku moja ataambiwa akae kwenye kiti hicho. Mpe barua hii aisome.

Wewe, asubuhi ya kwanza utakayotoka zamu siku ya kazi, kabla hujapanda kitandani, piga hiyo namba ya nyuma ya kadi. Na wewe msomaji uliyeko Marekani, mwenye leseni hii na mwenye Kiswahili, tafadhali kiandike Kiswahili kwenye orodha ya lugha zako, maana kina mama kama huyu wanatafuta kwa neno hilo na wanakuta patupu.